Sahani ya Bi Mashavu

Aliyekwenda ndiye aliyeona, nasi tuliobaki nyumbani hatuna la kuongeza ila kusimulia kama tulivyopokea. Habari hizi ni za Nyange, mwuza viungo, mtu mpole, mwenye tumbo la kiasi na ulimi unaopenda vitu vizuri. Biashara ya iliki na mdalasini ilimfikisha Udhuruni, nchi isiyokuwamo katika ramani ya mtu yeyote, ingawa wengi wetu tukiulizwa vizuri tungeweza kuelekeza njia yake.

Siku ya kwanza aliingia katika nyumba ya chakula karibu na soko, maana harufu ya wali wa nazi ilikuwa imemkamata tangu kona ya barabara. Mlangoni aliketi mtu mnene, mchangamfu, amevaa kanzu iliyonyooshwa vizuri, na kifuani amening'iniza kete moja nyeupe. Huyo alikuwa Badi, Mkadiri wa Mtaa wa Vifuu, yaani ofisa aliyewekwa na serikali kukadiria chakula cha watu.

"Karibu, bwana," alisema Badi. "Una udhuru gani?"

"Udhuru wa nini?"

"Wa kula."

Nyange akafikiri kidogo. "Nina njaa."

Mtu mmoja aliyekuwa akitafuna akaacha kutafuna. Kisha kicheko kikalipuka.

"Ana njaa!" alisema mwanamke mmoja, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Jamani, mgeni ana njaa! Hata mwanangu anayenyonya ana udhuru mzuri kuliko huo."

Badi hakucheka. Alimvuta Nyange pembeni kwa upole, kama mtu anavyomvuta mwenzake ili amwambie kwamba kanzu yake imegeuka nyuma mbele.

"Njaa si udhuru, bwana wangu. Njaa kila mtu anayo. Tukiikubali hiyo, hesabu itakuwa na maana gani? Sema umetoka safari."

"Nimetoka safari."

"Ahaa! Chakula cha msafiri ni cha njiani, na njia haina mwenyewe. Pita ndani, ule ushibe."

Watu wa Udhuruni waliamini kwamba ndani ya kila chakula mna cheche za moto. Cheche chache huupa mwili nguvu, cheche nyingi huunenepesha na kuuchosha. Kwa hiyo kila raia alikuwa amewekewa kipimo chake cha siku. Alichokula kilikadiriwa, na kwa kila fungu la cheche kete ikatungwa katika kamba yake, iliyotundikwa ndani ya jumba la Baraza, mahali ambapo yeyote angeweza kuiona. Kete za mtu hazikupungua ila kwa kunywa uji mwepesi siku nyingi.

Nyange hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Aliuliza asili ya sheria hiyo, akaambiwa kwamba mababu wa nchi walisumbuliwa na miguu ya kuvimba na pumzi fupi, na wengine walikufa kabla ya kuwaona wajukuu. Wenye hekima wakasema, basi tuhesabu. Nyange alipima maneno hayo na hakuona ubaya ndani yake. Kuhesabu hakukuwa kosa. Kosa lilikuja baadaye, kidogo kidogo, likiwa limevaa nguo za adabu.

Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupita jikoni mwa watu, aliyaona mengi. Aliona biskuti nzima zikidoda madukani huku zilizovunjika zikigombewa, kwa sababu cheche humwagika mahali biskuti ilipovunjikia. Walikuwepo hata mafundi wa kuvunja. Aliona watu wazima wakila pilau wima, wamezunguka meza kama wanaosubiri jeneza litoke, maana chakula kinachopita katika mwili uliosimama hakipati nafasi ya kukaa. Aliona nyumba ambamo baba, mama, shangazi na wapangaji wote walikuwa wapishi, kwa kuwa mpishi anayeonja hahesabiwi. Aliwaona kina mama wakimaliza alichobakiza mtoto, jambo ambalo kwao halikuitwa kula bali kuzuia israfu, na watoto wa nchi hiyo walipakuliwa kama wachukuzi wa bandarini.

"Mzee, hii chai huitii sukari?" Nyange alimwuliza mwenyeji wake mmoja.

"Sukari? Mimi?" Mzee alishtuka. "Niliacha sukari zamani, bwana. Mwili huu nauheshimu." Kisha akavuta kisahani cha kashata, akala moja, akala ya pili, akala zilizobaki. Alipoona Nyange anamtazama, akasema, "Hizi ni za meno. Hazifiki tumboni."

Katika kikao kimoja cha Baraza alichokihudhuria, wazee walijadili ukoko. Swali lilikuwa hili: ukoko ni wali, au ni sufuria?

"Waheshimiwa," alisema mzee mmoja mwenye sauti nzito, "wali huinuka na upawa. Ukoko hauinuki. Ukoko umeshikamana na sufuria, na kilichoshikamana na kitu ni sehemu ya kitu hicho, kama ukucha ulivyo sehemu ya kidole."

"Na mtu akila sufuria, hesabu yake ikoje?" aliuliza mwingine.

"Sufuria haina cheche. Hata mtoto anajua."

Wakainua mikono, hoja ikapita. Tangu siku hiyo wapishi wa Udhuruni waliuacha wali uungue zaidi kidogo kila siku, mpaka katika nyumba nyingi ikawa sufuria nzima ni ukoko, na wali ni utando tu juu yake.

Palikuwa pia na Siku ya Kuanza, siku ambayo taifa zima lingeanza kula kwa kiasi. Siku hiyo haikuwa na mpinzani hata mmoja. Kilichojadiliwa ni tarehe tu. Ilipendekezwa iwe baada ya mavuno, lakini baada ya mavuno kuna harusi, baada ya harusi kuna mfungo, na baada ya mfungo kuna sikukuu, na ni nani mwenye akili aanze siku ya sikukuu? Wakaiahirisha kwa heshima zote, wakatoka nje kula.

Nyange aliyacheka hayo moyoni, kicheko cha mtu aliyekwisha kuona mambo kama hayo kwao. Lakini huo wote ulikuwa udhuru mdogo mdogo. Udhuru mkubwa, uliobeba nchi nzima mgongoni, ulikuwa wa sahani.

Aliufahamu siku alipoalikwa karamuni katika Mtaa wa Vifuu. Walikwenda pamoja na Badi, na njiani Badi akamweleza, akitembea polepole kwa sababu ya pumzi.

"Zamani kila mtu alikuwa na sahani yake. Siku moja mume mmoja akachukua kipande cha nyama kwenye sahani ya mkewe. Kidogo tu, kilikuwa ukingoni. Mkadiri akauliza, hiki atungiwe nani? Mume akasema, sahani si yangu. Kesi ikafika Barazani, Baraza likaamua: cheche hufuata sahani, hazifuati kinywa. Kwa sababu vinywa, bwana, huwezi kuvishika. Vinafunguka, vinafungwa. Sahani imetulia mahali pamoja."

"Basi kila mtu akaiacha sahani yake," alisema Nyange.

"Umefahamu upesi! Lakini sahani lazima iwepo. Chakula kisicho na sahani ni wizi. Ndiyo maana kila mtaa una mwenye sahani. Ni cheo kikubwa. Sisi tunaye Bi Mashavu, mama wa watu, huwezi kumpata mwingine kama yeye."

Bi Mashavu aliketi katikati ya mkeka. Mbele yake palikuwa na sahani moja ya bati, pana kama sinia, imejaa pilau mpaka nyama zinateleza pembeni. Mtaa mzima ulikuwa umemzunguka, mikono inakwenda na kurudi. Mikono yake yeye ilikuwa mapajani. Jina lake alipewa siku ya kuzaliwa, alipotokea na mashavu mawili kama maandazi. Sasa mahali pa mashavu palikuwa na mashimo mawili, na mabega yake yalijitokeza chini ya kanga kama ncha za kitanda chini ya shuka.

"Jamani, Bi Mashavu, pilau yote hii!" alisema jirani yake, Bi Kidawa, yule yule aliyecheka siku ya kwanza, huku akiung'oa mnofu kwenye mfupa. "Utajiua, mwenzetu. Jizuie kidogo."

"Nimemwambia mara ngapi," alidakia mwingine, mdomo umejaa. "Hasikii. Mimi namwonea huruma, lakini hana kiasi."

Bi Mashavu alitabasamu, akaizungusha sahani kidogo ili upande wenye nyama umwelekee aliyekuwa mbali.

Nyange alimnong'oneza Badi, "Huyu mama hajala hata tonge moja."

"Macho hudanganya, bwana. Njoo nikuonyeshe kitu kisichodanganya."

Jumba la Baraza lilikuwa ng'ambo ya uwanja. Ndani, kamba za kete zilining'inia ukutani, fupi, nyingine hata hazitoshi kuwa mkufu wa mtoto. Hizo zilikuwa za watu wa mtaa. Kamba ya Bi Mashavu ilianzia kwenye nguzo ya katikati, ikaizunguka toka chini hadi juu, ikavuka dari, ikateremka na kulala sakafuni, na ncha yake ilikuwa imekaribia kizingiti cha mlango.

"Umeona?" alisema Badi kwa sauti ya masikitiko ya kweli. "Hakuna mtu mnene kuliko yeye katika nchi hii. Inatubidi kumnywesha uji tu, tena mwepesi, kwa faida yake mwenyewe."

"Yeye ndiye anayepika. Hata kuonja haruhusiwi?"

"Udhuru ni wa wasio na sahani, bwana. Mwenye sahani hana udhuru. Atakuwaje nao, na chakula kipo mbele yake?"

Waliporudi, watu walijisogeza kumpisha. "Karibu, mgeni! Sahani ya Bi Mashavu haibagui!" Pilau ilikuwa na iliki yake mwenyewe na mdalasini wake, imekolea hasa. Nyange alisita, mkono hewani. Bi Mashavu ndiye aliyemsaidia.

"Kula, mwanangu. Chumvi imetosha?"

"Imetosha, mama."

"Alhamdulillahi. Mimi siku hizi napika kwa kukumbuka tu."

Akala. Na kwa kuwa ilikuwa tamu, akala sana.

Kesho yake alasiri alimpelekea kifuko cha iliki jikoni kwake. Alimkuta amesimama, mkono mmoja ukutani, anasubiri kizunguzungu kipite.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, hivi ni vitu vya kawaida, vinapita."

Walikaa wakazungumza. Alimwambia kwamba alipofiwa na mumewe majirani walimjia kwa vigelegele wakamletea ile sahani, ili nyumba yake isikae bila watu. Naye alipenda watu. Siku za mwanzo alikula pamoja nao, akacheka pamoja nao. Kisha kamba ikarefuka, uji ukaanza, na nyumba haikukosa watu hata siku moja.

"Hakuna njia ya kutoka?" Nyange aliuliza.

"Ipo moja, ya sheria ya zamani, haijafutwa. Mtu mmoja asimame Barazani aseme: nilikula mimi. Akisema hivyo mtu mmoja tu, Baraza linalazimika kuhesabu vinywa, kuanzia siku ile nilipopewa sahani. Kamba yangu itafumuliwa, kila mtu atwae zake."

"Na majirani zako hawajasema?"

"Wananipenda sana," alisema Bi Mashavu, na alisema bila kejeli. "Lakini kila mmoja ana udhuru wake."

"Atakayesema atafanywa nini?"

"Atatungiwa zake, atakunywa uji mpaka ziishe. Wala hataalikwa tena popote, maana akiketi karibu na watu, watu wataona haya." Akachochea moto. "Sikukuu ya Mavuno imekaribia. Baada ya karamu ile kamba yangu itavuka kizingiti cha mlango. Ikivuka, hata uji hukatazwa, mpaka Baraza likae tena."

Alilisema hilo kama mtu anayesema kwamba mawingu yametanda. Nyange alimtazama mkono aliokuwa akichochea nao moto, akaiona mifupa yake yote.

"Nitasema mimi, mama. Baraza linakaa kabla ya sikukuu. Nitasema."

"Usiseme kama hujapima, mwanangu."

"Nimepima."

Na kweli alikuwa amepima. Alikuwa mtu wa kupima mambo, na jioni ile aliyapanga maneno yake mawili akayarudia mpaka yakakaa. Lakini Baraza lilikuwa bado, na mialiko haikungoja. Bi Kidawa alimwita kwenye supu, akaona kukataa kabla ya kusema kutamfichua. Badi alimwita kwenye biriani, akaona ni vizuri azoeane na Mkadiri ili siku ya siku asikilizwe. Siku nyingine alikula ili apate nguvu za kusimama, na nyingine kwa sababu baada ya kusema hatakula tena vitu kama vile, na kuaga chakula ni jambo la utu. Kila mara sahani ilikuwa ile ile. Kila mara Bi Mashavu alimgeuzia upande wenye nyama. Alikuwa amejifunza lugha ya nchi bila kujua kwamba anaisema.

Siku ya Baraza jumba lilijaa. Nje, uani, masufuria ya mavuno yalikuwa yameshatengwa, maana karamu ingefuata papo hapo. Wenye sahani wa mitaa yote waliketi kwenye benchi la mbele, wembamba kama mianzi, wametundikiwa mashada ya maua. Siku ya Kuanza iliahirishwa bila kupingwa. Kisha Badi akasimama na kuuliza, kama sheria ilivyomtaka aulize kila mara, "Kuna mwenye neno juu ya sahani ya Mtaa wa Vifuu?"

Nyange akasimama.

Jumba likageuka kumtazama. Dirishani ikaingia harufu: vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawia, nyama, iliki. Iliki yake. Mate yakamjaa kinywani.

"Waheshimiwa," alianza, "mimi ni mgeni..."

Alikuwa anataka kuomba radhi kwa adabu, kisha aseme. Lakini ilimbidi ameze mate kwanza, na katika kule kumeza yule mzee mwenye sauti nzito akaruka juu.

"Naam! Mgeni! Mmesikia? Mgeni hana kamba hapa, wala hana kamba kwao kwa chakula cha hapa! Alichokula hakihesabiwi popote duniani! Miaka yote nimekaa kwenye Baraza hili, sijasikia udhuru safi kama huu!"

Makofi yakapigwa mpaka kete zikatikisika ukutani. Watu wakainuka kumpa mkono. Mmoja akapendekeza kwamba kila raia aruhusiwe kuwa mgeni siku moja kila juma, na ikaungwa mkono pale pale.

Lakini Badi alikuwa mtu wa taratibu. Aliinua mikono. "Tulieni! Tulieni, jamani. Bwana Nyange hajamaliza." Watu wakatulia. Akamgeukia. "Una neno lingine, bwana?"

Kimya kilitosha. Hilo ndilo Nyange hakuweza kulikana baadaye, hata alipojaribu: kimya kilikuwa kirefu, safi, kimemngoja yeye. Alimtazama Bi Mashavu. Bi Mashavu hakumtazama. Aliitazama mikono yake, kama mtu anayegeuza uso ili mwenzake asione haya.

"Sina," alisema Nyange. "Ni hilo tu."

Karamuni walimweka mahali pa heshima, kulia kwa sahani. Bi Mashavu akamsogezea mnofu wa paja. Akasema polepole, wasisikie wengine, "Jumba kubwa lile, mwanangu, na watu wana kelele. Sauti yako ni ndogo. Si kosa lako."

Nyange aliupokea mnofu, na udhuru aliupokea pia. Ulikuwa wa kwanza kupewa na mtu mwenyewe aliyedhulumiwa, na ulishuka kooni kwa shida kuliko nyama.

Jioni ya karamu kamba ilivuka kizingiti. Uji ukakatazwa. Siku zilizofuata Nyange alificha kopo la uji ndani ya koti lake akampelekea. Mara ya kwanza alikunywa kidogo akashukuru. Mara ya pili alikunywa akatapika, kwa sababu tumbo lake lilikuwa limesahau kazi. Mara ya tatu aliukuta mlango umefunguliwa na wanawake wamejaa uani, na Bi Kidawa ameketi chini katikati yao, analia kwa sauti, machozi ya kweli yanamtiririka hadi kidevuni.

"Tulimwambia ajizuie," alisema. "Ee Mungu wangu, tulimwambia."

Badi alikuja akafanya makadirio, akatangaza kwamba marehemu amekufa kwa kula kupita kiasi. Sauti yake ilikatika katikati ya tangazo, akashindwa kulimaliza, mtu mwingine akamalizia.

Wachukuzi walilishika jeneza, wakajikaza, wakaliinua, wakayumba karibu kuanguka, kwa sababu walikuwa wamejiandaa kwa uzito mkubwa. Wakatazamana.

"Mauti humpunguza mtu," alisema mmoja wao.

"Kweli," walijibu wenzake, wakaenda.

Baada ya maziko watu walikusanyika uani kwa marehemu, na wali wa matanga ukaiva. Kabla haujapakuliwa Nyange alisimama. Safari hii hakuomba radhi wala hakumeza kitu, kinywa chake kilikuwa kikavu.

"Nilikula mimi," alisema. Akarudia kwa nguvu zaidi, wa uani na wa barazani wasikie. "Chakula kile nilikula mimi. Nitungiwe kete zangu. Hesabuni vinywa."

Hakuna aliyemkemea. Wanawake walianza kulia upya kwa kumhurumia. Badi alimjia, akamwekea mkono begani, akamkalisha taratibu kama mgonjwa.

"Tunajua, bwana. Ulimpenda. Sote tulimpenda. Lakini maneno ya matangani hayahesabiwi, huzuni ndiyo inayosema, si mtu. Hakuna anayekulaumu. Hakuna hata mmoja."

Nyange akawatazama mmoja mmoja, akitafuta uso ambao ungemlaumu. Hakuupata.

Wali haukuweza kukaa bila sahani, basi mwenye sahani mpya alikuwa ameshateuliwa. Aliitwa Mwanakheri, bibi harusi aliyeletwa mtaani mwezi ule, hina bado haijafifia mikononi mwake. Walimkalisha katikati ya mkeka, wakampigia vigelegele vya chini chini kwa heshima ya msiba. Alikuwa mnene wa afya, uso unang'aa kwa fahari na haya. Sahani ya bati ikawekwa mbele yake, wali ukarundikwa, mikono ikaanza kwenda na kurudi.

"Polepole, bibi harusi!" Bi Kidawa alimtania, akijifuta machozi kwa mkono mmoja na kula kwa mwingine. "Ndiyo kwanza umefika, unataka kutumaliza?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuondoa uzito. Mwanakheri naye akacheka.

Nyange akasogea mpaka mbele yake. Akamega tonge, akalibana vizuri, akatia na kipande cha nyama, akamnyooshea.

"Kula wewe kwanza, mwanangu," alisema. "Wewe kwanza, kabla yao."

Mwanakheri alilitazama tonge. Koo lake lilipanda na kushuka. Akawatazama watu waliomzunguka, wote wema, wote wanamtabasamia, kisha akaiweka mikono yake yenye hina mapajani, mmoja juu ya mwingine.

"Ahsante, baba," alisema. "Mimi nimeshiba."